Mazishi, Droni na Mvua ya Mawe: Miaka Yangu Kwenye Redio ya Uwanja wa Boito

Chepkoech amenisumbua tangu nistaafu. Ndiye aliyechukua kiti changu kwenye dawati la redio la shule yetu ya urubani hapa Boito, na kila akinipigia simu anamalizia na ombi lilelile: "Mama Wairimu, andika hayo mambo. Sisi tukikuuliza unacheka tu." Basi nimeandika. Ni yenu nyinyi mnaobaki kazini. Habari za vyeo na mishahara nimeziacha. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe.

Kabla ya kuja hapa nilikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi la baba yangu mjini Bomet. Baba alitoka Nyeri kabla sijazaliwa, akafungua duka, na mimi nikakua nikiuza misumari kwa watu wa kila kona ya kaunti hii. Kipsigis nilijifunza nikiwa nyuma ya kaunta. Siku moja mteja akaniambia kuna shule inayofundisha watu kurusha ndege ndogo na inatafuta mtu wa ofisi. Nilidhani anatania. Nani wa kurusha ndege katikati ya majani chai?

Siku ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya kisigino kirefu. Nilikuta nyumba ya mabati, ndege mbili za viti viwili viwili, uwanja mrefu wa nyasi, na ng'ombe saba katikati ya uwanja. Mzee mmoja mrefu mwenye kofia ya sufu alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Wewe ndio mtu wa ofisi?"

"Ndio, mzee."

"Toa hivyo viatu. Kuja tufukuze ng'ombe."

Huyo alikuwa Kapteni Koskei, mwalimu mkuu. Alikuwa amenyunyizia dawa mashamba ya ngano kwa ndege kwa miaka mingi, akipita chini kiasi cha kuweza kusoma jina lililoandikwa kwenye gunia. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kazi yangu ya kwanza katika usafiri wa anga niliifanya miguu mitupu, na nikapanda cheo siku hiyohiyo kwa sababu ng'ombe walinisikia kuliko walivyomsikia yeye.

Wiki ya pili alinitoa nje ya ofisi akaniambia nifumbe macho.

"Juu kuna ndege ngapi?"

"Moja."

"Sikiza tena."

Nilisikiliza. Nyuma ya ngurumo ya ndege yetu kulikuwa na sauti nyingine, nyembamba na ya mbali, upande wa msitu wa Mau. "Mbili," nikasema.

"Sawa. Hiyo ya pili ni nani, inaenda wapi, iko juu kiasi gani?"

"Sijui, Kapteni."

"Hata mimi sijui. Na yule mwanafunzi wetu huko juu hajui hata kama iko. Hiyo ndio kazi yako. Kushika simu ni mambo ya kujaza nafasi."

Ndipo akanieleza jambo ambalo kila mmoja wenu anapaswa kulijua kabla hajagusa redio. Anga yetu haina msimamizi. Kisumu wana mnara na watu wa kuongoza ndege. Kusini, ukikaribia Mara asubuhi, utakutana na maputo ya watalii. Lakini hapa katikati, juu ya chai, kila rubani hujitangaza mwenyewe kwenye masafa ya pamoja: niko wapi, niko juu kiasi gani, naelekea wapi, nataka kufanya nini. Mambo manne, basi. Na wengi wa marubani wetu hawarushi ndege kwa kazi. Ni daktari wa mifugo, mwalimu, mkulima, mfanyabiashara, watu wanaoruka Jumamosi kwa sababu roho inapenda. Kapteni alisema rubani wa ndege kubwa ana watu wanaomwangalia tangu anapowasha injini hadi anapozima. "Huyu wetu wa Jumamosi," akasema, "ana macho yake mawili na wewe."

Sikuwa msimamizi wa anga, na nyinyi si wasimamizi. Kwa miaka yote niliyokaa pale sikumwambia rubani hata mmoja kwamba ameruhusiwa kuruka au kutua. Nilimpa habari, uamuzi ukabaki wake. Mkilisahau hilo mtajiona wakubwa, halafu mtamuumiza mtu.

Vifaa vyangu vilikuwa redio ya mezani, redio ya mkononi ya akiba, darubini, ramani iliyofunikwa kwa karatasi ya plastiki ili niweze kuiandika na kuifuta, na simu. Niliyoitegemea zaidi ilikuwa simu, ingawa hilo lilinichukua muda kulielewa.

Nilianza kulielewa kwa sababu ya droni. Asubuhi moja mwanafunzi alitua, akazima injini, lakini hakushuka. Nilipomfikia nilikuta bado ameshika usukani.

"Mama, kuna kitu kimepita hapa chini ya bawa. Kidogo, cheupe. Hakina mtu."

Kapteni aliandika ripoti kwa mamlaka, kama inavyotakiwa. Mimi nilichukua boda boda nikaenda kule mwanafunzi alikoonyesha. Baada ya kuzunguka mashamba kwa saa nzima niliwakuta wanaume wawili chini ya miti ya blugamu, wana sanduku na kompyuta, wakipima shamba la chai kwa droni.

"Chamgei," nikawasalimia.

"Chamgei mising, mama." Walishangaa kuona mwanamke mwenye sura ya Nyeri akiwajia na salamu ya Kipsigis katikati ya shamba.

Vibali vyao vilikuwa sawasawa. Uwanja wetu walikuwa wameuona kwenye ramani, lakini mmoja wao akaniambia bila haya, "Tulipita hapo na gari tukaona ng'ombe. Tukajua ulifungwa."

Tulikubaliana wanipigie simu kabla ya kurusha na baada ya kutua, na waniambie wako shamba lipi. "Na tukisahau?" akauliza yule mwingine. Nikamwambia wakisahau nitarudi, na safari hiyo nitakaa mpaka wanipe chakula cha mchana. Hawakusahau hata mara moja.

Nilirudi ofisini nikiwaza. Rubani wetu angeweza kusikiliza redio siku nzima asisikie habari za droni ile, kwa kuwa droni haizungumzi. Lakini watu wa chini walikuwa wanajua. Wavunaji chai walikuwa wameiona siku tatu mfululizo. Ila hakuna aliyekuwa amewauliza.

Nikanunua daftari na kuanza kuuliza. Nilimpigia chifu, nikampigia karani wa kiwanda cha chai, nikampigia mama wa kanisa anayejua kila harambee. Nilijua siku za kuchinja, ambapo korongo, wale ndege wakubwa wala mizoga, hujaa angani juu ya kichinjio. Kila Ijumaa nilisikiliza matangazo ya vifo redioni nikiwa na kalamu mkononi. Hapa kwetu mtu mkubwa akizikwa, waheshimiwa huja kwa helikopta, na helikopta hutua penye nafasi: uwanja wa shule, malisho, popote. Marubani wao wanaijua kazi yao, lakini wanatoka mbali, na wa kwetu wa Jumamosi hawatarajii kukutana nao juu ya shamba la mahindi.

Kapteni Koskei aliniona nikiandika jina la marehemu akanicheka. "Mama Wairimu, sasa unataka kufungua biashara ya majeneza?"

Nikamwambia asubiri.

Hakusubiri sana. Kulikuwa na Bwana Mwangi, mwenye duka la nguo mjini Bomet, mtu wa mzaha na rubani mzuri kiasi. Jumamosi moja alikuja na mama yake mzazi, bibi wa miaka sabini na kitu, amevaa kitambaa cha kichwa cha Jumapili na sweta mpya. Bibi hakuwa amepanda ndege maishani. Alitaka kuona kwa macho yake, kutoka juu, shamba alilonunua na marehemu mumewe karibu na Siongiroi.

Nilimwambia Mwangi, "Siongiroi leo kuna mazishi. Sijathibitisha kama kuna helikopta. Kaa juu, na usizunguke karibu na soko."

Alicheka. "Mama, mimi naenda kuruka. Mazishi siendi."

Wakaondoka. Muda si mrefu, simu yangu ikalia. Alikuwa Kibet, mwendesha boda boda wa Siongiroi ambaye nilikuwa nimemwomba aniangalizie.

"Mama, hapa wamefukuza watoto kwa uwanja ya shule. Wanasema helikopta ni tatu, ziko karibu kufika."

"Zinatoka wapi, Kibet?"

"Upande wa Nairobi. Na kuna ndege ndogo inazunguka hapa juu ya hii shamba ya jirani. Hiyo ni yenu?"

Ilikuwa yetu. Nilimwita Mwangi redioni. Kimya. Nikamwita tena. Kimya. Nilijua sababu: alikuwa ameshuka ili bibi aone shamba vizuri, na vilima vilivyo kati yetu vilikuwa vimeizuia sauti yangu. Redio ya ndege haipiti ndani ya mlima. Nilisimama pale na kisemeo mkononi, na nakiri kwamba kwa sekunde chache sikuwaza lolote ila kile kitambaa cha Jumapili.

Halafu nikakumbuka Kapteni alikuwa juu na mwanafunzi, upande wa Bomet, akifundisha kupanda na kuteremka. Juu kabisa. Redio yake ingetufikia sote wawili, mimi na Mwangi.

Redioni tunatumia Kiingereza cha kazi, mnajua, lakini siku hiyo nilisahau. "Kapteni, Mwangi yuko chini juu ya Siongiroi na mama yake. Helikopta tatu zinakuja kutoka mashariki, zinatua uwanja wa shule. Hanisikii. Mwambie apande na atoke upande wa magharibi."

Kapteni hakuuliza nimejuaje. Nilisikia sauti yake, tulivu kama mtu anayeagiza chai, akimwita Mwangi, akimpa yale tuliyoyajua: zinatoka wapi, zinaelekea wapi, zinataka kufanya nini. Sikusikia jibu la Mwangi. Nilisikia tu Kapteni akisema, "Vizuri. Endelea kupanda." Kisha akaniita mimi: "Boito, amezisikia habari. Anapanda. Anasema sasa anaziona, zinapita chini yake."

Nikakaa. Kibet alikuwa bado kwenye simu akinipigia kelele, "Mama, zimetua! Zote tatu! Yenu imeenda!"

Waliporudi, Mwangi alishuka bila mzaha wowote. Alisimama mlangoni kumpisha mama yake. Mama yake ndiye aliyekuwa anang'aa. "Nimeona shamba yangu," akaniambia, akinishika mikono yote miwili. "Na nimeona helikopta za wakubwa ziko chini yangu. Hao wakubwa, chini yangu mimi!" Hakuna aliyemweleza zaidi ya hapo.

Mwangi akasema, "Mama Wairimu, kuanzia leo nisomee mazishi yote. Hata ya mbuzi."

Kapteni Koskei alitua baadaye. Alipita moja kwa moja hadi stoo, akatoka na ubao na msumari, akautundika ukutani kando ya mlango ambao kila rubani lazima apite. "Andika," akasema. "Kila asubuhi. Asiyesoma haruki." Kuwafanya marubani wazisikilize habari za watu wa chini, hayo ndiyo yaliyokuwa mapambano yangu makubwa kazini, na niliyashinda bila hotuba.

Tangu hapo ubao ule ndio ulioanzisha kila siku ya kazi. Nitawaambia namna ya kuuandika, maana naona wengine wenu mnaandika gazeti. Andika kitu, mahali, saa, na jina la aliyekuambia. Jina ni muhimu. Rubani akiona "droni, shamba la juu, saa tatu hadi saa tano, kwa habari ya Sang," anajua kuna mtu wa kuulizwa. Akiona "jihadhari na droni," anajua tu kwamba umeogopa. Na mambo yakiisha, futa. Ubao wenye habari za jana ni hatari kuliko ukuta mtupu, kwa sababu watu wanauamini.

Miaka ikaenda, wakaja wanafunzi, wakaja marubani wa shule nyingine kututembelea. Wengine waliutazama ubao wakacheka. Walirudi kwao, na baada ya miezi michache nikaanza kupigiwa simu: "Mama, zile namba za machifu mlizipataje?" Niliwaambia ukweli, kwamba nilizipata kwa kusalimiana na watu kabla ya kuwaomba kitu.

Halafu akaja Chepkoech na kompyuta yake ndogo ya kushika mkononi, inayoonyesha ndege zinavyosogea kwenye ramani. Nilijua siku yangu imefika. Nilikaa naye asubuhi nzima nikiitazama, na kweli ilikuwa nzuri. Iliona ndege ambazo masikio yangu yasingesikia. Lakini ndege isiyo na kifaa cha kujionyesha haikuonekana, na droni haikuonekana, na wingu la mvua ya mawe halina kifaa cha kujionyesha.

"Mama, hii haijui mazishi," Chepkoech akasema.

"Na mimi sijui hiyo iliyo juu ya mawingu," nikamwambia. "Basi tutakaa sote wawili."

Hapo ndipo nilipojua nimepata mtu wa kumwachia kiti.

Jambo la mwisho ninalotaka kuwaandikia ni Jumamosi ile ya ndege wageni, mwezi wangu wa mwisho kazini. Shule ilikuwa imewaalika marubani wa raha kutoka sehemu mbalimbali. Zilikuja ndege kumi na moja, nyingine kutoka Pwani. Wanakijiji walijaa kando ya uwanja na watoto na miavuli. Kapteni Koskei, ambaye alikuwa ameshastaafu kufundisha, alikuja na fimbo yake na ileile kofia ya sufu. Baada ya chai ya saa nne ndege zote ziliruka kwenda kuizunguka Bomet na kurudi kabla ya saa saba, kwani hapa mawingu hukusanyika mchana na mvua ya mawe huja alasiri. Kila mtu anajua hivyo. Siku hiyo mvua haikujua.

Zilikuwa zimeondoka kitambo kidogo karani wa kiwanda kimoja upande wa Kericho aliponipigia. Sikumpigia mimi. Alinipigia yeye.

"Mama, hapa mawe yameanza. Makubwa. Na upepo unayaleta kwenu."

Kabla sijaweka simu chini, ilikuwa inalia tena: Sang, mmoja wa wale wawili wa droni, ameshusha droni yake na anasema Kericho yote imekuwa nyeusi. Halafu mama wa kanisa. Halafu mtu nisiyemjua, mvunaji chai, akisema namba yangu alipewa na dada yake. Nilikuwa naandika kwenye ramani kwa kalamu na Chepkoech ananisomea ndege kutoka kwenye skrini yake. Ndani ya dakika chache tuliona ukingo wa ile mvua kwenye plastiki kana kwamba mtu ameuchora.

Niliwapa marubani habari. Mvua ya mawe iko hapa, inasogea hivi, uwanja wa Boito bado mkavu, upepo ni huu. Hakuna aliyehitaji kuambiwa zaidi. Walianza kurudi, kila mmoja akijitangaza, mmoja nyuma ya mwingine, na wale waliokuwa na haraka wakawapisha wale waliokuwa na mafuta kidogo. Nilihesabu zikitua. Saba. Nane. Tisa. Kumi.

Wa kumi na moja alikuwa mgeni wa Pwani. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Boito, sioni uwanja. Kila kitu ni kijani."

Kwa mtu aliyezoea kufuata ufuo, chai yetu yote ni sawa. Chepkoech alimwona kwenye skrini, akaniwekea kidole pale alipo. Nilifumba macho na kuiona sehemu ile jinsi ilivyo kutoka chini.

"Mbele yako kushoto unaona bomba la moshi la kiwanda?"

"Naliona."

"Liache kushoto kwako. Sasa tafuta mstari wa miti mirefu, umenyooka kama ukuta."

"Nauona."

"Mwisho wa miti kuna kanisa lenye paa jekundu. Ukilipita kanisa, angalia kulia. Kuna watu wengi wenye miavuli. Hao wamesimama kando ya uwanja."

Chepkoech alisogeza kidole chake kwenye skrini, kuelekea uwanja.

"Naiona miavuli!" akasema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyetua tayari.

Magurudumu yake yaligusa nyasi jiwe la kwanza likigonga bati letu. Watu walikuwa wanapiga kelele na kupiga makofi huku wanakimbilia kujificha. Marubani waliotangulia wakatoka mbio kumsaidia kuifunga ndege na kuifunika, wakirudi na mabega meupe kwa barafu, wanacheka kama watoto. Ndege kumi na moja zilikuwa zimetoka, na kumi na moja zilikuwa chini. Nilimtazama Chepkoech, akanitazama, tukashikana mikono chini ya meza kama wanafunzi waliopasi mtihani.

Kisha nikaenda jikoni kujimiminia chai.

Kupitia mlangoni nilimwona yule mgeni akiingia ofisini, amelowa, anapumua kwa nguvu. Aliangalia ile redio kuukuu, ile ramani ya plastiki, ule ubao. Akamuuliza Kapteni Koskei, "Mzee, samahani. Rada yenu iko wapi?"

Kapteni akavua kofia yake taratibu akakung'uta mawe.

"Rada iko jikoni," akamwambia. "Inakunywa chai."